Maduara yote ni ndugu wa tumbo moja

Mwamshe usiku wa manane mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi hapa Tanzania, umuulize pai ni ngapi. Atakujibu huku macho yamefumba: 22/7. Tulikaririshwa sote. Tuliiimba kama tulivyoimba tebo, tukaiandika kwenye mtihani, tukapata vema zetu, tukaendelea na maisha.

Mimi siku hizi nalipwa (si sana, lakini nalipwa) kwa kuuliza maswali. Na swali la kwanza ambalo mhariri yeyote atakuuliza ukimpelekea habari ni hili: inamhusu nani? Basi nikaligeuza swali hilo kwa pai. Hii namba inahusu duara gani? La sufuria? La gurudumu? La mwezi?

Jibu ni kwamba inayahusu yote, na hapo ndipo pana habari yenyewe. 22/7 si namba ya duara fulani, ni dai juu ya kila duara lililowahi kuchorwa na litakalochorwa. Ni dai zito sana. Nani alilitoa? Alijuaje? Na lilimsaidia nini? Historia yake inapita Misri, Sicily, Iraki, mpaka Kigoma. Twende taratibu.

Chukua sufuria jikoni kwako. Zungushia uzi ukingoni mwake, ukate pale ncha zinapokutana. Sasa uhesabu huo uzi kwa kipenyo, yaani upana wa mdomo wa sufuria kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Utaingia mara tatu na kubaki kipande kidogo. Fanya hivyo kwenye pipa la maji: mara tatu na kipande. Ungo wa kupepetea mchele, tairi la daladala, mdomo wa kisima: mara tatu na kipande, na kipande chenyewe kila mara kinakaribia moja ya saba ya kipenyo.

Maumbo mengine hayana tabia hii. Tazama uwanja wa mpira. Sheria ya kwanza ya soka inaruhusu urefu wa kati ya mita 90 na 120, na upana wa kati ya mita 45 na 90. Kwa hiyo uwanja wa mita 100 kwa 50 ni halali, na wa mita 105 kwa 68 nao ni halali. Lakini piga picha ya mmoja kutoka juu, uipeleke kwenye mashine ya fotokopi, uikuze au uipunguze utakavyo. Haitaufunika ule mwingine sawasawa. Vyote ni viwanja, vyote ni pembenne, ila sura ni mbili.

Sasa tazama duara la katikati ya uwanja. Sheria inataka nusukipenyo cha mita 9.15. Watoto wa mtaani hawana futi wala mita, wanazungusha kisigino kwenye vumbi mpaka wanaridhika. Duara lao likiwa zuri, lenye umbali uleule kutoka katikati pande zote, basi mashine ya fotokopi italikuza mpaka lilalie juu ya lile la uwanja wa taifa bila kuzidi wala kupungua. Wanahisabati huiita hali hii mfanano. Pembenne ina mambo mawili ya kuamuliwa, urefu na upana. Duara lina moja tu: nusukipenyo. Ukishaamua ukubwa, sura haina pa kubadilikia. Ndiyo maana nasema maduara yote ni ndugu wa tumbo moja, wakubwa kwa wadogo.

Watu walilitumia jambo hili kabla ya kulithibitisha. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, karani mmoja wa Misri aliyeitwa Ahmose alinakili kitabu cha hesabu kwenye mafunjo. Mafunjo hayo leo yako British Museum, London, na wengi huyaita kwa jina la Mskoti aliyeyanunua Luxor, Rhind, badala ya jina la karani aliyeyaandika. (Hilo la majina tutalirudia.) Hesabu ya 50 inahusu shamba la duara lenye kipenyo cha vipimo 9. Maelekezo ni mafupi: toa moja ya tisa, zinabaki 8, zidisha 8 kwa 8, eneo ni 64. Ukiibana hesabu hiyo, pai ya Ahmose inakuwa kama 3.16. Si mbaya hata kidogo.

Lakini mimi kilichonivutia ni zaidi ya usahihi. Yale maelekezo ni kanuni ya shamba lolote la duara. Ukiwa na shamba lenye kipenyo cha vipimo 18, unatoa moja ya tisa vilevile. Maana yake yule karani aliamini kwamba mashamba ya duara yote yana sura moja, na kinachofaa kwa dogo kinafaa kwa kubwa. Hakusema kwa nini. Alijua tu kwamba hesabu inakubali.

Wagiriki ndio waliong'ang'ania "kwa nini". Mnamo mwaka 300 K.K., katika mji wa Alexandria uliopo kwenye pwani ya Misri, Euclid aliandika vitabu 13 vya Elements. Katika kitabu cha 12, hoja ya pili, anathibitisha kwamba maeneo ya maduara mawili yana uwiano uleule na miraba inayojengwa juu ya vipenyo vyao. Kwa lugha ya sokoni: kipenyo cha chapati kikiwa mara mbili ya kipenyo cha chapati nyingine, ukubwa wake ni mara nne. (Kwa hiyo muuzaji akikutoza mara mbili, umemwibia, mlipe.)

Uthibitisho wenyewe haukuwa rahisi, kwa sababu duara ni mstari uliopinda, na hesabu za wakati ule zilijua kushughulika na mistari iliyonyooka. Ujanja ulikuwa kuweka ndani ya duara umbo lenye pande nyingi zilizonyooka, kisha kuzidisha pande hizo, kisha kuzizidisha tena, mpaka nafasi inayobaki kati ya umbo na duara iwe ndogo kuliko kiasi chochote utakachotaja. Maumbo yenye pande zilizonyooka yanajulikana tabia yake. Duara linafuata nyuma yake kama mtoto aliyeshika kanga ya mama.

Hata hivyo, ukipekua Elements yote hutakuta mahali panaposema kwamba mzingo ukigawanywa kwa kipenyo unatoa namba moja kwa maduara yote. Kazi hiyo ya kuibana namba yenyewe aliifanya Archimedes wa Syracuse, kisiwani Sicily, katika karne ya 3 K.K. Alianza na umbo la pande 6, akaenda 12, 24, 48, mpaka 96, ndani na nje ya duara. Akahitimisha kwamba mzingo ni zaidi ya mara 3 na 10/71 ya kipenyo, lakini ni pungufu ya mara 3 na 1/7.

Hebu isome tena sentensi hiyo. Mara 3 na 1/7 ni nini? Ni 22/7! Ile namba tuliyoimba darasani haikuwa pai. Ilikuwa dari. Archimedes alisema pai iko chini ya hapa, na sisi tukaambiwa pai ndiyo hii hapa. Kwa kupima pipa haina madhara, tofauti inaanzia nafasi ya tatu ya desimali. Lakini ni vizuri mtu ajue kwamba alikaririshwa dari akidhani ni sakafu.

Archimedes alikuwa na rafiki wa kuandikiana barua pale Alexandria. Kazi yake moja inayoitwa kwa kawaida The Method aliielekeza kwa rafiki huyo. Jina lake Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Libya, na mkuu wa maktaba ya Alexandria. Alizaliwa Afrika, alifanya kazi Afrika, akafia Afrika, kwa utamaduni na lugha alikuwa Mgiriki. Huyu ndiye aliyechukua udugu wa maduara na kuufanyia kazi ambayo hadi leo inanishangaza: alipima dunia kwa bakuli.

Ngoja nieleze, maana shuleni huwa wanaruka hapa. Habari hii tunaipata kwa Cleomedes, Mgiriki aliyeandika miaka mingi baadaye, kwa kuwa kitabu cha Eratosthenes mwenyewe kimepotea. Mji wa Syene, ambao sasa ni Aswan, kusini mwa Misri, ulikuwa na sifa moja. Siku ya jua kali la katikati ya mwaka, mwezi Juni, saa sita mchana, vijiti vilivyosimamishwa wima havikutoa kivuli. Jua lilikuwa utosini. (Kisima cha Syene ambacho jua lilikimulika mpaka chini kinatajwa na waandishi wengine, akina Strabo na Pliny.) Saa hiyohiyo, Alexandria, mbali kule kaskazini, vijiti vilikuwa na kivuli.

Chombo kilichotumika Alexandria kilikuwa saa ya jua yenye umbo la bakuli. Katikati ya bakuli husimama kijiti, na ncha yake iko pale ambapo ni kitovu cha duara la bakuli. Kivuli cha kijiti kinaangukia kwenye ukuta wa ndani wa bakuli, ule uliopinda. Siku ile, saa sita, kivuli kilifunika sehemu moja kati ya 50 za duara zima ambalo bakuli ni nusu yake.

Sasa sikiliza. Jua liko mbali kiasi kwamba miale yake inatufikia ikiwa sambamba. Kijiti cha Alexandria, ukikirefusha kwa mawazo kwenda chini, kinafika kitovu cha dunia. Cha Syene nacho vilevile. Mistari hiyo miwili inakutana kule chini na kutengeneza pembe. Na kwa kuwa miale ni sambamba, pembe hiyo ya kwenye kitovu cha dunia ni sawa kabisa na pembe ya kwenye ncha ya kijiti ndani ya bakuli. Kuna maduara mawili basi. Moja ni la bakuli, unaweza kulibeba kwapani. Lingine ni la dunia, linapita chini ya miguu ya kila mtu. Pembe za katikati ni sawa. Na kwa kuwa maduara yote yana sura moja, pembe sawa hukata sehemu sawa: kama kivuli ni 1/50 ya duara la bakuli, basi njia ya kutoka Syene hadi Alexandria ni 1/50 ya duara la dunia.

Kati ya miji hiyo palihesabiwa stadia 5,000. Zidisha kwa 50. Stadia 250,000. Habari imeisha. Mtu hakuzunguka dunia, hakupanda merikebu, ila dunia yote ilikuwa bakulini.

Usahihi wake? Kwa vipimo vya kisasa, tofauti ya latitudo kati ya Aswan na Alexandria ni kama nyuzi 7.1. Sehemu moja ya 50 ya duara ni nyuzi 7.2. Alikaribia mno. Aswan haiko moja kwa moja kusini mwa Alexandria, iko mashariki zaidi kwa nyuzi kama 3, na dunia si mviringo kamili: ukiizunguka kupitia ncha zake ni kilomita kama 40,008, na kupitia ikweta ni 40,075. Hayo ni makosa madogo madogo. Kubwa ni kwamba wataalamu mpaka leo wanabishana stadia moja ilikuwa mita ngapi. Ukiichukua kuwa mita 157.5, jibu lake ni kilomita 39,375, na utampigia makofi. Ukiichukua kuwa mita 185, jibu ni kilomita 46,250, na makofi yanapungua.

Unaona kilichotokea hapo? Sehemu ya mfanano haina ubishi. 1/50 ni 1/50, Misri ya kale au Dar es Salaam ya leo. Ubishi wote uko kwenye ile 5,000. Na hiki ndicho ninachotaka kukisema katika makala haya: duara linakupa sura bure, lakini ukubwa halikupi. Ukubwa unalipiwa, na kwa karne nyingi uliolipwa ulikuwa ni mguu wa mtu.

Bakuli peke yake lisingeweza kumwambia Eratosthenes kama dunia ni kubwa kama Misri au kubwa kama jua. Maduara yote yangetoa 1/50 ileile. Ilibidi mtu atembee. Falme za wakati ule zilikuwa na wapimaji waliofunzwa kutembea kwa hatua sawasawa na kuzihesabu. Martianus Capella, mwandishi wa Kilatini wa karne ya 5, anasema Eratosthenes aliupata umbali wa kutoka Syene hadi Meroe, iliyoko Sudani ya sasa, kutoka kwa wapimaji wa mfalme Ptolemy. Wapimaji wa mfalme, basi. Jina la mfalme tunalo. Jina la mwenye maktaba tunalo. Waliotembea juani hatuna hata mmoja.

Miaka zaidi ya 1,000 baadaye, khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, aliyetawala kutoka 813 hadi 833, aliamuru kazi ifanywe upya. Safari hii walikwenda tambarare ya Sinjar, Iraki. Kundi moja likaelekea kaskazini, jingine kusini, wakinyoosha kamba ardhini, mpaka nyota zilipoonyesha kwamba wamesogea nyuzi moja ya duara la dunia, yaani 1/360. Akili ni ileile ya bakuli, ila duara dogo safari hii ni la chombo cha kupimia nyota. Jibu lililoenea, kupitia kitabu cha al-Farghani, ni maili 56 na theluthi mbili kwa kila nyuzi.

Jibu hilo lilisafiri mpaka Ulaya na kumfikia Christopher Columbus. Columbus akalipenda. Kosa lake ni kwamba maili za al-Farghani zilikuwa za Kiarabu, ndefu, naye akazihesabu kama maili za Kiitalia, fupi. Uwiano ulikuwa sahihi, sura ya duara ilikuwa sahihi, rula ndiyo iliyokuwa siyo. Dunia ikanywea kwa karibu robo nzima. Akaongeza na kuivuta Asia mashariki kuliko ilivyo, akaona safari inawezekana, akaondoka mwaka 1492. Kama Amerika isingekuwepo njiani, yeye na mabaharia wake wangekufa njaa baharini. Waliokuwa wakiishi huko ndio waliokuja kuilipa hesabu ile mbovu.

Sasa turudi kwetu, maana duara la Eratosthenes halikuishia Aswan. Chukua ramani. Alexandria iko karibu sana na mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki. Uteremke mstari huo kwa kidole: Misri, Sudani, Uganda, unapita karibu kabisa na Kigali, unaingia Burundi, unatokea kwetu mkoani Kigoma karibu na Kasulu, unaendelea kusini mpaka Afrika Kusini. Mtu wa Kasulu na mtu wa Alexandria wanaona jua la saa sita karibu kwa dakika ileile. Wamekaa kwenye duara moja.

Mwaka 1879 mtaalamu wa nyota David Gill, aliyekuwa Cape ya Afrika Kusini, alipendekeza kwamba tao lote hilo lipimwe, kutoka kusini hadi Misri. Lilikuwa ni wazo la Syene na Alexandria lililonyooshwa barani Afrika kote, kwa kutumia teodolaiti juu ya vilima na mnyororo wa pembetatu badala ya hatua za miguu. Kipande cha Tanganyika kilifanyiwa kazi miaka ya 1930, na Mwingereza Martin Hotine alikuwa mmoja wa walioongoza upimaji huo. Kipande cha mwisho, Sudani, kilikamilika mwaka 1954. Mfumo wa ramani ulioitwa Arc 1960, uliotumiwa kwa miongo mingi Kenya, Uganda na Tanzania kuchora mipaka na mashamba, umechukua jina kutoka kwenye tao hilo.

Tena majina ni yaleyale ya aina moja. Gill yumo vitabuni, Hotine yumo vitabuni. Lakini teodolaiti haikupanda kilima yenyewe. Kuna waliobeba masanduku, waliofyeka vichaka ili kilima kimoja kione kingine, waliosimamisha alama, waliokesha na taa. Wengi wao walikuwa watu wa vijiji ambavyo mstari ulipita. Huenda babu wa mtu anayesoma hapa alikuwemo, akalipwa ujira wake wa siku akarudi shambani, bila kuambiwa kwamba alikuwa anasaidia kupima umbo la dunia.

Najua kuna atakayesema: kaka, siku hizi kuna satelaiti, simu yako inajua ulipo, ya nini kuwasumbua marehemu? Nasema hivi. Satelaiti nazo hazijapata ukubwa bure, kuna waliokaa wakapima. Na sisi bado tunafundisha watoto 22/7 kama aya ya kukariri, bila uzi, bila sufuria, bila bakuli. Mtoto anamaliza shule akijua namba na hajui kwamba amepewa siri kubwa: kwamba kilicho kweli kwa kifuniko cha chupa ya soda ni kweli kwa duara la dunia. Ukishaielewa hiyo, unaweza kukaa Kasulu na kijiti, na rafiki yako akakaa kaskazini zaidi kwenye mstari uleule na kijiti chake, mkapigiana simu saa sita mchana na kuipima dunia jioni kabla ya chai. Kinachohitajika ni umbali wa kweli kati yenu.

Na mkiupata, andikeni majina ya wote walioupima.